Chema chajiuza: kununua kamera Kampala bila kununua bonasi ya muuzaji

Chini ya kaunta ya duka nililofanyia kazi, kati ya kikokotoo na mhuri, kulikuwa na daftari la mistari lenye jalada la bluu. Kushoto tuliandika aina ya kamera, lenzi au begi. Kulia tuliandika kiasi ambacho muuzaji angeongezewa juu ya mshahara akikiuza kitu hicho wiki hiyo. Hakuna mteja aliyewahi kuliona daftari lile, na sehemu kubwa ya ushauri aliopewa ilitoka humo.

Niliuza kamera katikati ya Kampala tangu 2013 hadi 2016. Leo kazi yangu ni kupiga picha: kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba), harusi, mahafali ya Makerere, mahujaji wa Namugongo kila tarehe 3 Juni. Karibu kila mwezi kijana hunipigia simu, wengine kutoka kwetu Busia, wengine Arua, na swali huwa lilelile: "Dada, nina milioni mbili na nusu, ninunue kamera gani?" Huwa simtajii kamera kwanza. Namweleza nani atalipwa kwa uamuzi wake, halafu ndipo tunaingia kwenye kamera zenyewe.

Pesa iliyo nyuma ya ushauri

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na chumba changu cha Kibuye kilikula 120,000. Begi na filta ya UV, kile kioo cha kufunika lenzi, viliniongezea 5,000. Seti ya kamera na lenzi mbili, 20,000. Wiki ambayo mwenye duka alitaka mzigo wa zamani uishe, kamera moja iliweza kuniletea hadi 40,000. Ukiwa na kodi ya chumba kichwani, ulimi wako utaelekea huko bila wewe kuuamuru. Wenzangu wa kaunta walikuwa watu wema, waliochangiana matanga na karo, na kila mmoja aliamini alikuwa anamsaidia mteja. Marekani mtindo huu ni wa zamani na una jina lake, spiff: kampuni au msambazaji anamlipa mtu wa kaunta moja kwa moja kwa kila kifaa anachokiuza, na mteja hajui.

Jambo la kushika ni wapi bonasi huwekwa. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kamera ambayo watu wanaingia wakiitaja kwa jina haiwekewi bonasi, maana itatoka tu. Bonasi huwekwa kwenye kitu kinachohitaji kusukumwa: mzigo uliokaa rafuni, seti iliyofungwa pamoja na vitu visivyotakiwa, dhamana ya kulipia ziada, na vikorokoro. Vikorokoro ndivyo vyenye faida nono kuliko vyote. Bei ya kamera mteja anaweza kuilinganisha kwenye simu yake akiwa amesimama mbele yako, kwa hiyo faida yake ni nyembamba. Bei ya filta, mkanda na begi hakuna anayeilinganisha.

Mfano niliouona kwa macho yangu. Canon ilitoa 650D mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikatoa 700D. Zote mbili zina megapikseli 18, na ukiziweka mezani pamoja utatafuta tofauti mpaka uchoke: kitufe cha kuchagulia aina ya picha kinazunguka duara zima kwenye 700D, lenzi inayokuja nayo ni mpya zaidi, na mengine ya kuhesabu kwa vidole. Tulikuwa na 650D kadhaa zilizobaki. Bonasi ikawekwa hapo, nasi tukawaambia watu kwamba 650D imekwisha kuthibitishwa, 700D bado changa. Zilipokwisha, bonasi ikahamia kwenye seti ya 700D yenye lenzi mbili. Mwezi uleule tukaanza kusema 650D imepitwa na wakati. Tuliyasema yote mawili kwa moyo mmoja.

Usichukue hilo kumaanisha kwamba kila chenye bonasi ni kibovu. Aliyenunua 650D wiki ile kwa bei iliyoshushwa alifanya vizuri sana, maana alipata karibu kamera ileile kwa pesa kidogo. Aliyeumia ni aliyenunua bila kupunguziwa kitu. Kwa hiyo ukihisi unasukumwa kuelekea kamera fulani, usikimbie. Uliza imekaa dukani tangu lini, kisha bana bei. Kitu ambacho duka linataka kitoke kina nafasi ya kushuka, na wewe ndiye unayestahili sehemu ya nafasi hiyo.

Mwalimu wa Arua

Mwaka 2014 aliingia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Arua. Tuliongea Kiswahili, akafurahi, akaniamini. Alitaka kupiga picha kanisani siku za wikendi, arusi na ubatizo, aongeze kipato. Nikamuuzia seti ya 700D: lenzi ya 18-55, lenzi ya 75-300 ya kuvuta mbali, begi, filta mbili na stendi ya miguu mitatu. Lenzi ile ya 75-300 ni muundo wa 1999, haina kizuia mtikisiko, na ukiivuta mpaka mwisho picha hulegea. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba kanisa la jioni lina giza na lenzi zote mbili zina tundu dogo la kuingiza mwanga. Lakini daftari lilisema 20,000.

Baada ya miezi miwili alirudi na picha kwenye flashi ya kompyuta. Bibi arusi alikuwa amejaa chenga, bwana arusi ameteleza kama mtu anayepita. Alidhani yeye ndiye hajui. Kwa pesa ileile ningeweza kumpa bodi, yaani kamera bila lenzi, na lenzi ndogo ya 50mm yenye tundu la f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ya chini za Canon. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hesabu yake ni hii: lenzi ya 18-55 ikiwa imevutwa mwisho hufungua f/5.6 tu. Ile ya 50mm kwa f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Mahali ambapo moja inalazimisha ISO, kipimo cha kuongeza wepesi wa kamera kwa mwanga, ifike 6400 na picha inachafuka, nyingine inapiga kwa ISO 640 na ngozi ya mtu inabaki ngozi. Hiyo 50mm haikuwa na bonasi hata shilingi. Nilimwazima yangu kwa wiki tatu, kisha akanunua ya kwake. Sijamsahau mwalimu yule, na ndiyo sababu naandika.

Kuhusu jina kubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bonasi inamgusa muuzaji, lakini jina linakugusa wewe mwenyewe, na linagusa hata wateja wako wa baadaye.

Katika vikao vya harusi vya Kampala utakaa mbele ya kamati, na kuna mjomba mmoja atauliza: "Mnatumia kamera gani?" Swali hilo limeninyima kazi. Nilikuwa na kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo kabla yake, na wakampa kazi kijana mwenye bodi kubwa na lenzi nyeupe. Lenzi ile nyeupe yenye mstari mwekundu ni ya daraja la L la Canon. Rangi nyeupe ilichaguliwa ili lenzi ndefu zisipate joto juani, lakini machoni pa watu imekuwa cheo. Wapo wanaoifunga bodi ndogo gripi ya betri ili ionekane kubwa, na wapo wanaonunua mkanda ulioandikwa 5D, kamera ya daraja la juu ya Canon, wakauvalisha kamera nyingine.

Siwalaumu, mteja anaona kifaa kabla hajaona picha. Lakini usimlipe mwenye duka milioni ya ziada kwa ajili ya jicho la mjomba. Peleka kikaoni picha tano zilizochapwa kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, uzipitishe mikononi. Nasser Road, mtaa wa wachapaji, watakuchapia kwa pesa ambayo hutaihisi ukilinganisha na bei ya bodi. Tangu nianze hivyo, swali la kamera likija huja baada ya picha, na linakuja kwa upole.

Ujue pia jina linaweza kubandikwa juu ya kitu kilekile. Leica D-Lux 7 na Panasonic LX100 II, zote za 2018, ndani ni kamera moja. Nembo nyekundu na sura ya nje ndizo zinazopandisha bei. Mwaka 2012 Hasselblad, jina linaloheshimiwa na kila mpiga picha, ilitangaza kamera iitwayo Lunar kwa karibu euro 5,000. Ndani yake ilikuwa Sony NEX-7, ambayo dukani iliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Hata Nikon D800 ya 2012, iliyosifiwa kwa picha zake za megapikseli 36, sensa yake, kipande kinachonasa picha, imetengenezwa na Sony. Mtu anayekuambia kampuni fulani "ina rangi nzuri kwa asili" mwombe akuonyeshe picha mbili bila kukutajia ipi ni ya nani.

Lakini kuna upande mwingine wa jina, na wengi wanaoandika dhidi ya majina makubwa huuruka. Hapa kwetu jina maana yake ni majirani. Lenzi za Canon za mfumo wa EF zimekuwepo tangu 1987, na 5D Mark II ya 2008 ilipoanza kurekodi video safi, studio nyingi zilihamia huko. Ndiyo maana hata leo, lenzi yangu ikianguka asubuhi ya kwanjula kule Masaka, nitapiga simu tatu na mtu mmoja atanipa ya kuazima. Fundi ana vipuri vyake. Betri inapatikana hata mji mdogo. Ukinunua kamera bora ambayo hakuna mwingine anayo katika wilaya yako, siku ikikwama umekwama peke yako. Hiyo ni thamani halisi, na ilipie. Iweke tu kwenye hesabu kwa jina lake: unalipia majirani, hulipii heshima.

Tena majirani hao ni wa mfumo wa lenzi, si wa kampuni nzima. Canon M50 ilitoka 2018, ikauzwa sana kwa vijana wa video. Mfumo wake wa EF-M ulipewa na Canon lenzi nane tu, na mwaka uleule kampuni ikaanzisha mfumo mpya wa RF. Lenzi za EF-M haziingii kwenye kamera za RF, hata kwa adapta. Kufikia 2023 mfumo ule ulikuwa umeachwa. Jina kubwa lilikuwa limeandikwa mbele ya kamera, lakini njia yake ilikuwa imefungwa. Kinyume chake lenzi za zamani za EF hufanya kazi vizuri kwenye RF kwa adapta. Kabla ya kuuliza kampuni, uliza mdomo wa lenzi, yaani sehemu inapoungana na bodi.

Kabla hujapanda teksi kwenda mjini

Andika karatasini kazi tano utakazozipiga miezi mitatu ijayo, na saa zake. Harusi ya jioni ndani ya hema, mahafali mchana juani, ubatizo wa mtoto kanisani. Karatasi hiyo ndiyo inayochagua lenzi, na lenzi ndiyo inayochagua bodi. Gawa pesa kabla hujafika: mimi huwaambia wanaoanza waweke karibu nusu kwenye lenzi na taa ya flashi, wabakize ya betri ya pili na memori kadi mbili, na bodi ichukue kinachobaki. Wengi hufanya kinyume, bodi inameza zote. Bodi iliyotumika ya miaka kadhaa, yenye lenzi nzuri, inaishinda bodi mpya yenye lenzi ya seti, kila siku ya harusi.

Beba kadi yako ya kumbukumbu. Beba na mtu mmoja asiyependa kamera, maana huyo hatapumbazwa.

Ukiwa dukani

Usitaje bajeti. Ukisema milioni mbili na nusu, utaonyeshwa vitu vya milioni mbili na laki saba. Taja kazi: "Napiga ndani ya kanisa, saa kumi na mbili jioni." Kisha nyamaza, usikilize kama atazungumza juu ya mwanga au juu ya megapikseli.

Muulize kwa heshima: "Ssebo, kamera gani hapa inatoka yenyewe bila nyinyi kuisemea?" Nikiulizwa hivyo ningejibu ukweli, kwa sababu swali halinishtaki. La pili: "Ingekuwa ni pesa yako na leo hupewi chochote juu yake, ungechukua ipi?" Mtazame kabla hajajibu. Wengi wao ni wapiga picha wenyewe na wanatamani kuulizwa.

Seti ikiwekwa mbele yako, omba bei ya kila kitu peke yake. Mara nyingi "zawadi" ya begi na stendi imo ndani ya bei, na ukiviondoa bei inashuka. Filta ya UV iache. Lenzi hulindwa vizuri na kofia yake ya mbele (hood), na filta ya bei rahisi inaleta mng'ao wa taa kwenye picha za usiku.

Kisha jaribu. Omba uzime taa za pembe moja ya duka au uingie stoo, umpige mwenzako picha ya uso ukitumia kadi yako ya kumbukumbu, uvute picha kwenye skrini uangalie macho yake. Fungua menyu uangalie lugha: kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi zina Kijapani peke yake, na ndiyo maana huwa za bei nafuu. Baadhi ya kamera za Canon zina majina tofauti kwa kila soko, kwa hiyo usitishike ukiona 700D imeandikwa Rebel T5i au Kiss X7i. Ni ileile, na asikuongezee bei kwa jina la Marekani.

Kwa Nikon kuna mtego mmoja ambao niliona watu wakiingia. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao, kama D3200 na D5300, hazina mota ya kufokasi ndani. Lenzi za zamani za aina ya AF-D zitaingia vizuri mdomoni, lakini utazungusha kwa mkono maisha yako yote. Kwa Canon mtego ni wa EF-S, lenzi za bodi zenye sensa ndogo: hizo haziingii kwenye 6D wala 5D, zenye sensa kubwa, kwa hiyo ile 18-55 yako haitapanda daraja pamoja nawe.

Kamera iliyotumika, uliza shata, pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi. Canon 6D ilipimwa kwa picha 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 kwa 150,000. Siku moja ya mahafali inakula 1,500 kwa urahisi. Kwa Nikon idadi imo ndani ya faili la picha na inasomeka kwenye intaneti bure. Kwa Canon mwombe fundi aisome. Halafu linganisha namba ya bodi, ya boksi na ya risiti, herufi kwa herufi, ili usije ukanunua kamera ya mtu aliyeibiwa.

Risiti iwe ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, yenye alama ya QR. Utaambiwa bila risiti bei inapungua kwa sababu ya VAT ya asilimia 18. Usikubali, kwa sababu bila karatasi hiyo dhamana ya duka ni maneno ya mdomo. Waandike juu yake siku ngapi unaruhusiwa kurudisha, na kama hawataki kuandika, ujue hawatapokea.

Jumamosi hii binti wa dada yangu anatoka Busia na teksi ya saa kumi na moja alfajiri kwenda kununua kamera yake ya kwanza. Nimempa kadi yangu ya GB 32 na karatasi ya kazi tano. Mbili kati ya hizo ni harusi za jioni, kwa hiyo tumekubaliana: achague 50mm kwanza, bodi baadaye. Atanipigia akiwa ameshika kamera mkononi, kabla hajatoa pesa, na nitamwomba ampe simu muuzaji.